Mango, Kitale na Asili ya Tofauti za Kijinsia

Mwaka 1949 Simone de Beauvoir alidai kwamba mwanamke hazaliwi, hufanywa. Mwaka huohuo ilichapishwa juzuu ya kwanza ya utafiti wa Günter Wagner kuhusu jamii za Kavirondo ya Kaskazini, wakiwemo Babukusu wa Bungoma. Kwa Babukusu, hata hivyo, anayefanywa waziwazi ni mwanamume. Masimulizi ya Mango, aliyeua joka kisha akatahiriwa na majirani wa Kisabaoti, yanakiri kwamba uanaume una mwanzo, tena wa kuazima. Jando la kila mwaka wa shufwa huurudia mwanzo huo hadharani. Uanauke haukutungiwa kisa cha namna hiyo, ndiyo maana husadikiwa kuwa maumbile tu. Dai la Beauvoir, basi, halihamishiki Bungoma bila kupinduliwa kwanza.

Wala masimulizi peke yake hayatoshi. Walowezi walipokwisha kuitwaa ardhi ya Trans-Nzoia, kodi ya nyumba iliwasukuma wanaume wengi kwenye mashamba ya mahindi ya Kitale, na jembe la nyumbani likazidi kuwaelemea wanawake. Mzigo huo nao huitwa mila, ingawa Mango hausemi popote.