Glasi ya Kukhu

Kwenye kabati la kukhu, kule Bungoma, kuna glasi ambayo sijawahi kuona mtu akiinywea. Imechongwa shada la majani na herufi mbili, R na D. Kwetu hakuna R.D. Kuka aliipata Kitale, kwa mzungu aliyekuwa anafunganya kurudi kwao enzi za uhuru.

Juzi mnunuzi wa vitu vya kale aliniuliza bei. Badala ya kumjibu, nikaanza kusoma.

Mwaka 1674, George Ravenscroft alipata hataza ya kioo kipya huko Uingereza. Kilipotiwa madini ya risasi kikawa kizito, king'aavu, na laini kiasi cha kuchongwa kwa gurudumu dogo la shaba. Karne ya 18, wafuasi wa ukoo wa Stuart uliopoteza ufalme walichonga waridi kwenye glasi zao, wakaziinua kwa siri kumtakia heri mfalme aliye uhamishoni. Leo wakusanyaji wanazing'ang'ania, na matapeli wanazighushi: glasi ya kale kweli, mchoro wa jana.

Trans Nzoia nayo iligawiwa walowezi, wengi wao wanajeshi wa Uingereza waliopewa mashamba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1926 reli ilifika Kitale. Mwaka huohuo Luteni Kanali Hugh Stoneham akaanzisha makumbusho yake ya wadudu, ndege na vitabu. Alifariki 1966, akaacha mkusanyiko wake pamoja na pesa za jengo. Ndiyo Makumbusho ya Kitale yaliyofunguliwa 1974.

Kuka mwenyewe hakuwa mtu wa glasi. Alikuwa na lusekhe, mrija mrefu kumshinda yeye, wenye kichujio nchani. Wazee waliizunguka nyungu ya busaa, kila mtu na mrija wake. Haukuwa na herufi hata moja, lakini kila mzee pale alijua ni wa nani. Kuka alipofariki ulikaa darini jikoni hadi msimu fulani wa mvua, kuni zikakosekana, tukauwasha.

Nikamuuliza kukhu kama tuuze zawadi ya mzungu. Akacheka.

"Zawadi gani, mjukuu wangu? Huo ulikuwa mshahara wa mwezi wa mwisho. Alisema pesa zimeisha."

Sasa najua bei inaanzia wapi: mshahara wa mwezi mmoja, na riba ya miaka sitini.