Vifaa vya mkononi katika kunakili data za wagonjwa wa moyo Nakuru

UTAFITI uliofanywa katika iliyokuwa Wilaya ya Nakuru kati ya 2007 na 2008 ulilenga macho, lakini ulifichua mengi kuhusu moyo. Zaidi ya watu 4,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walipimwa, mjini na mashambani, na takriban nusu yao wakapatikana na shinikizo la damu.

Si ajabu. Nyuma ya jicho ndipo daktari huweza kuona mishipa ya damu bila kupasua, na shinikizo la muda mrefu huacha alama zake papo hapo.

Miaka hiyo tarakilishi ndogo za mkononi zilikuwa zimeanza kuchukua nafasi ya fomu za karatasi; programu ya EpiSurveyor ilijaribiwa nchini Kenya na Zambia. Washiriki wa Nakuru walipofuatiliwa tena 2013 na 2014, daktari wa macho Andrew Bastawrous alijaribu huko simu yenye programu ya Peek. Mgonjwa huonyesha kwa mkono upande inakoelekea herufi E, mpimaji hupitisha kidole kwenye kioo kuelekea upande huo, na simu hutoa kipimo.

Kwa mgonjwa wa moyo, manufaa makuu ya kifaa kama hicho ni ukali wake. Shinikizo huandikwa kwa tarakimu mbili, ya juu ikitangulia. 140 kwa 90 ndicho kiwango ambacho kwa kawaida huanza kutia wasiwasi. Daftari halimkatazi mhudumu aliyechoka kuandika 90 kwa 140. Programu iliyoundwa vyema hukataa, na pia hudai tarehe ya kurudi kliniki. Pasipo mtandao huhifadhi data hadi mhudumu afike Molo au Gilgil.

Hata hivyo, mgonjwa aliyesajiliwa kwa jina moja kwenye zahanati na jingine hospitalini huwa wagonjwa wawili, na dawa zake hazijulikani. Hapo simu haisaidii, ila nambari moja ya utambulisho.

Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya kupimia shinikizo, pamoja na simu za kunakilia data nyumba kwa nyumba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu habari za afya kuwa nyeti: simu ikipotea matatuni, kinachopotea ni siri za kijiji kizima.