Kwenda chuo Kizumbi bila gari

Tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi (MoCU) mkoani Shinyanga liko Kizumbi, nje kidogo ya katikati ya mji. Mgeni ajue kwanza: hapa ukisema “daladala”, wenyeji wanaweza kukuletea baiskeli ya kubeba abiria. Bajaji na bodaboda zipo pia.

Boda ndiyo inayomaliza hela. Bei ni kuelewana, na giza likiingia au mvua ikinyesha inapanda, kwa hiyo patana kabla hujakaa. Kwa mnufaika wa mkopo, bumu la chakula na malazi, Sh10,000 kwa siku, ndilo hilohilo linalolipa nauli. Kabla ya kuchukua geto la bei chee mjini, jumlisha kwanza boda za kwenda na kurudi.