Nyanya Hakwenda Kisimani

Kuna kosa moja nimelibeba miaka mingi. Nilikuwa nahariri hadithi ya mzee mmoja wa Mombasa. Kwenye sehemu ya matanga, nyanya "akaanza kuteka". Mimi mtu wa bara nikafungua kamusi ya mezani, nikaona kuteka ni kuchota maji, basi nikaongeza neno: "akaanza kuteka maji". Kitabu kikachapwa hivyo. Mzee akanipigia simu, wala hakuwa na hasira: "Mwanangu, nyanya hakwenda kisimani. Aliteka. Nyinyi mwasema kucheka."

Kicheko kile matangani ndicho kilichobeba hadithi nzima.

Nilipoanza kusoma historia ya kamusi zetu, niliona kosa langu lina mizizi ya mbali. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akakusanya maneno ya hapo, yaani Kimvita. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka uliofuata kifo chake. Edward Steere yeye alisikiliza Unguja, na kitabu chake cha 1870 kikafuata lahaja ya huko. Halafu mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu! Kamati ya lugha ikaanza kazi 1930, na kamusi ya Frederick Johnson ikatoka 1939. Shule na wachapishaji wakapata kipimo kimoja. Ilisaidia, sikatai. Ila Kimvita nacho kikawa kitu cha kusahihishwa.

Mwaka huohuo wa 1939, padri Charles Sacleux alichapisha Paris kamusi ya Kiswahili na Kifaransa, akionyesha maneno yanatoka lahaja gani. Wahariri wangapi wa Kiswahili waliwahi kuishika mkononi?

Leo kisingizio hicho hatuna. Kamusi ya Krapf iko kwenye intaneti, imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, bure. Na tangu mradi wa kamusi ya mtandaoni uanzie Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, tumezoea kutafuta neno tukiwa tumekaa kitini. Kamusi sanifu itakwambia neno linaandikwaje shuleni. Zile kongwe zitakwambia nani analisema, na wapi. Zifungue zote, ndugu mhariri, kisha mpigie simu mwandishi kabla hujagusa kalamu.

Mzee wangu ameshatangulia mbele ya haki. Kitabu hakikuchapwa tena, na nyanya bado anachota maji.