Nyumba Zenye Injini: Kombi ya Kulala katika Ufuo wa Bondo

Mwaka 2025 ulitimiza miaka 75 tangu Volkswagen ilipoanza kuunda Kombi katika kiwanda chake cha Wolfsburg, Ujerumani, tarehe 8 Machi 1950, na kumbukumbu hiyo ilipita kimya katika Afrika Mashariki, ingawa historia ya utalii na ya barabara za Kenya haielezeki vizuri bila kulitaja gari hilo. Zilizo adimu zaidi leo ni Kombi za kulala, yaani magari-nyumba madogo ambayo ndani yake mna kiti kinachokunjuliwa kuwa kitanda, jiko dogo la gesi, kabati, tangi la maji na paa la kuinuliwa ili mtu aweze kusimama wima. Moja ya hizo ikikarabatiwa na kutangazwa kuwa inauzwa, bei yake huzua ubishi, kwa kuwa wanunuzi wengi huipima kwa umri wake kama wanavyopima gari lolote kuukuu, ilhali kinachouzwa ni kitu ambacho sheria za Kenya zimehakikisha kwamba hakiwezi kuagizwa tena kutoka nje.

Mji wa Bondo, katika Kaunti ya Siaya, unafaa kutazamwa kwa makini katika suala hili, kwa sababu uko kwenye barabara inayochepuka kutoka ile ya Busia pale Kisian na kuelekea Usenge, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Katika eneo hilo pana Kang'o ka Jaramogi, boma alimozikwa Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1994. Pana Got Ramogi huko Yimbo, kilima ambacho mapokeo ya Wajaluo hukitaja kuwa makazi yao ya mwanzo nchini Kenya. Na pana Ziwa Kanyaboli lenye mafunjo na nzohe, swala wa kinamasi asiyeonekana kwa urahisi. Vivutio hivi vimetawanyika mbali na hoteli kubwa za Kisumu, na kwa hiyo msafiri aliyebeba malazi yake daima amekuwa na nafasi ya kuuona ufuo huu alfajiri na jioni, saa ambazo mgeni wa siku moja huwa yuko njiani.

Nyumba yenye injini iliyopata sifa kubwa zaidi katika Ghuba ya Winam ya ziwa hilo haikuwa na gurudumu hata moja. Tarehe 2 Oktoba 1948, kisiwani Rusinga, ng'ambo ya maji kutoka rasi ya Uyoma, Mary Leakey alifukua fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani wasio na mkia aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Mama huyo alilipeleka fuvu Uingereza kwa ndege, akalikabidhi kwa Wilfrid Le Gros Clark, mtaalamu wa anatomia wa Chuo Kikuu cha Oxford, na habari zake zikaenea magazetini. Mfanyabiashara wa London, Charles Boise, alipozisoma alivutiwa hata akatuma hundi ya pauni 1,000, na ni kwa ufadhili wake kwamba familia ya Leakey ilipata boti ya injini iliyoitwa Miocene Lady, jina lililotokana na Miosini, kipindi cha kijiolojia kilichoanza yapata miaka milioni 23 iliyopita na ambacho mabaki yake ndiyo yanayopatikana Rusinga.

Boti hiyo, iliyotumia Kisumu kama bandari yake, ilibadilisha namna ya kufanya utafiti ziwani, kwa kuwa watafiti waliweza kuutoka mji, kupita kando ya Asembo na Uyoma, kutia nanga karibu na miamba waliyoikusudia, kisha kupika na kulala humo humo bila kutafuta nyumba nchi kavu. Nahodha wake alikuwa Hassan Salimu, mtu aliyeyajua maji ya ziwa hili pamoja na pepo zake zinazogeuka ghafla, na ambaye jina lake linasalia ndani ya vitabu vilivyoandikwa na wengine. Mwaka 1960, Jane Goodall na mama yake, Vanne, walipozuiliwa kwa muda kwenda katika hifadhi ya sokwe ya Gombe, huko Kigoma, kwa sababu ya mgogoro wa wavuvi katika fuo za hifadhi hiyo, Louis Leakey, mume wa Mary, aliwatuma katika kisiwa cha Lolui, upande wa Uganda, wakachunguze tumbili, na aliyewaendesha kwa boti ya utafiti alikuwa Hassan huyo huyo, ambaye baadaye alikwenda kufanya kazi Gombe pia. Ulimwengu unamkumbuka Goodall kwa sokwe wa Kigoma, lakini mazoezi yake ya kwanza ya kuwachunguza wanyama wa jamii pana ya sokwe na tumbili porini aliyafanya katika ziwa hili.

Inasikitisha kwamba sura hii haijapewa nafasi inayostahili. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yanasifika kwa haki kwa boma la Kijaluo la Ber-gi-dala na kwa matangi yake ya samaki, na simulizi ya boti iliyokuwa nyumba, maabara na chombo cha usafiri kwa wakati mmoja, pamoja na nahodha wake, ingefaa iwekwe palepale mbele ya watoto wa shule wanaoletwa humo kutoka Bondo, Siaya na Homa Bay.

Kombi ililifanyia bara kile ambacho boti hiyo ililifanyia ziwa. Chanzo chake ni mchoro wa kalamu ambao Ben Pon, Mholanzi aliyekuwa akiagiza magari ya Volkswagen, aliuchora katika daftari lake tarehe 23 Aprili 1947: sanduku juu ya magurudumu, dereva mbele kabisa, injini nyuma kabisa na mzigo katikati. Kuanzia mwaka 1951 kampuni ya Kijerumani ya Westfalia ilianza kutengeneza samani za kuigeuza Kombi kuwa nyumba, na baadaye Waingereza nao wakaingia katika kazi hiyo, hasa kampuni ya Martin Walter ya Folkestone, ambayo paa lake la Dormobile huinuka upande mmoja kwa kitambaa cha mistari. Kazi hizi za Uingereza ziliifaa Kenya zaidi, kwa kuwa usukani ulikuwa upande wa kulia.

Sababu za gari hilo kupendwa zilikuwa za kiufundi. Injini yake ya mitungi minne iliyolazwa hupozwa kwa upepo, hivyo haina rejeta ya kuchemka kwenye mwinuko wala kuvuja mbali na kisima, na kwa kuwa injini hiyo hukaa juu ya magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayosukuma, uzito wake huyakandamiza matopeni. Zaidi ya hayo, Kombi zilizoundwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 1967 zilikuwa na gia za ziada kwenye vitovu vya magurudumu ya nyuma, ambazo ziliupunguza mwendo na kuliinua gari kutoka ardhini, jambo lililokuwa na maana kubwa kwa dereva aliyevuka udongo mweusi wa tambarare za Kano baada ya Mto Nyando kufurika. Volkswagen za Beetle, zenye injini ya ukoo huo huo, zilikuwa zimeshashinda mashindano ya Safari Rally miaka ya 1954, 1957 na 1962, na kwa wanunuzi wa wakati ule ushindi huo ulitosha kuwa tangazo.

Kampuni ya Cooper Motor Corporation ndiyo iliyoyauza magari hayo nchini, na katika miaka ya 1970 Kombi ziliunganishwa mjini Thika, katika kiwanda cha Leyland Kenya ambacho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Kampuni za utalii zilizipaka michirizi ya pundamilia na kuzikata mapaa ili wageni wasimame wakipiga picha. Kisha zikaja Nissan na Toyota, na Kombi zikaondoka barabarani moja baada ya nyingine. Brazili, iliyokuwa ya mwisho kuunda umbo hilo la zamani, iliacha mwaka 2013, na Volkswagen iliporejea Thika Desemba 2016 ilikuja kuunganisha Polo Vivo.

Kilichoigeuza Kombi kuwa hazina ni kanuni inayojulikana kama KS 1515:2000, ambayo hairuhusu kuagizwa kwa gari lililotumika likiwa na zaidi ya miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza; kwa mfano, gari lililoingizwa mwaka 2025 lilipaswa kuwa limesajiliwa mwaka 2018 au baadaye. Rasimu ya sera ya magari ya mwaka 2019 ilipopendekeza kushusha umri huo, waagizaji walipinga vikali kwa niaba ya mnunuzi wa kawaida, na mjadala mzima ukahusu magari ya Japani, huku urithi wa magari ya kale ukiachwa nje. Sheria pia hudai usukani wa kulia, hivyo Westfalia nyingi za Ulaya zimefungiwa mlango mara mbili. Maana yake ni kwamba akiba ya Kombi za kulala nchini ni ile iliyopo tayari, ikiwa ni pamoja na zile zinazoliwa na kutu chini ya miti katika maboma ya watumishi wa umma waliostaafu.

Ukarabati wa kweli huanzia chini, kwenye sakafu, kingo za mlango wa kuteleza na mahali panapowekwa betri, na fundi anayejua kazi yake hukata bati lililooza na kuchomelea jipya, wala haridhiki kulijaza puti na kupuliza rangi juu yake. Mipira ya petroli hubadilishwa yote, kwa kuwa hukauka na kupasuka juu ya injini yenye moto, na kasha la injini hiyo ni aloi ya magnesi, metali ambayo ikishawaka haizimiki kwa urahisi. Katika Kombi za miaka ya 1968 hadi 1979, nyuma ya viti vya mbele huwa pana kibati kidogo chenye tarakimu zinazoeleza tarehe ya kuundwa, rangi, vifaa na nchi gari lilikopelekwa, na kwa kibati hicho mnunuzi huweza kutambua kama gari lilitoka kiwandani likiwa limeandaliwa kwa samani za kulala au lilikuwa la mizigo likageuzwa baadaye. Namba za chasi na injini lazima zilingane na logibuku, na kama injini, rangi au aina ya bodi ilibadilishwa, mabadiliko hayo yawe yameandikishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, kabla ya umiliki kuhamishwa. Nambari ya usajili ya mtindo wa zamani, isiyo na herufi ya mwisho, huongeza thamani, kwa kuwa ni ushahidi wa maisha marefu ya gari hilo humu nchini.

Kaunti ya Siaya au Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo kingefanya jambo la heshima kununua moja kati ya hizo kabla hazijaisha, kwa sababu sheria yenyewe haizilindi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 hukitambua kitu kuwa cha kale kama kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kwa kipimo hicho Kombi ya mwaka 1965 ni gari tu, linaloweza kuuzwa kwa mnunuzi wa ng'ambo, kufutwa katika sajili ya NTSA na kupakiwa melini Mombasa, na likishafutwa, ile kanuni ya miaka 8 hulizuia lisirudi.