Merikani, Jazz na Lebo za Sauti

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Wapagazi waliotoka Bagamoyo walifika Unyanyembe, na hapo njia iligawanyika: moja ilikwenda Ujiji, nyingine ikaelekea Karagwe na Buganda. Kila mpagazi alichukua mtumba wake, na mwenye mali hakuwa na budi kujua kilichomo, kwa maana shanga zilizopendwa katika nchi moja zilikataliwa katika nchi ya pili. Jina la bidhaa ndilo lililomwongoza. Kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kiliitwa merikani, kwa kuwa kililetwa na wafanyabiashara wa Marekani. Baadaye kitambaa cha namna hiyo kilifumwa kwingineko pia, lakini jina halikubadilika. Neno lililoanza kwa kutaja asili likaishia kutaja namna ya kitambaa.

Historia hii fupi inamhusu mfasiri wa leo anayeshughulikia istilahi za sauti zilizohifadhiwa katika kompyuta. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel wa Berlin alichapisha uchunguzi juu ya nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa katika silinda za nta. Silinda haijielezi yenyewe. Habari zake huandikwa kando, na karatasi ikipotea, wimbo hubaki bila mwenyewe.

Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni utaratibu uitwao ID3, ambao huziweka habari hizo ndani ya faili la MP3 lenyewe. Lebo yake ilichukua baiti 128 za mwisho wa faili. Jina la wimbo, msanii na albamu vilipewa herufi 30 kila kimoja, mwaka herufi 4, na maelezo herufi 30. Aina ya muziki ilipewa baiti 1 tu, yaani namba inayorejea orodha iliyokwisha kupangwa. Orodha ya kwanza ilikuwa na aina 80. Jazz ni namba 8, na reggae ni namba 16. Ngoma haimo, wala taarabu. Namba 3 ni Dance, lakini huo si muziki wa dansi tuujuao sisi.

Hapa ndipo kisa cha merikani kinaporudi. Tabora Jazz Band ilikuwa bendi ya muziki wa dansi, na mtindo wake uliitwa segere matata. Neno jazz katika jina lake halikutaja muziki wa watu weusi wa Marekani. Lilikwisha kuwa jina la bendi za dansi kwa jumla. Atakayelifuata neno bila kujua historia yake ataipa bendi hii namba 8. Tena lebo hizi huweza kusahihishwa kwa mstari wa amri: mtu huandika jina la programu, alama ya nafasi anayotaka kubadili, neno jipya, kisha majina ya mafaili. Amri moja hubadili mafaili mia kwa mara moja. Kwa hiyo hata kosa moja huenea katika hifadhi nzima.

Dawa ipo. Toleo la pili la ID3, la mwaka 1998, linaruhusu aina kuandikwa kwa maneno, linaruhusu mtumiaji kuongeza nafasi zake mwenyewe, na lina nafasi ya lugha: swa kwa Kiswahili, nym kwa Kinyamwezi. Lakini nafasi hizo hazina faida ikiwa sisi hatujakubaliana juu ya maneno ya kuzijaza.

Napendekeza basi haya. Kwanza, habari zinazosafiri ndani ya faili ziitwe lebo, neno ambalo watu wamekwisha kulizoea. Pili, tutenganishe aina na mtindo: aina iwe dansi, taarabu au ngoma, mtindo uwe segere matata, msondo au sikinde, kama wapigaji wenyewe walivyoita. Tatu, nafasi ya mpigaji iitwe msanii, wala si mwimbaji, kwa sababu bendi nzima haiwezi kuitwa mwimbaji. Nne, majina ya bendi yasitafsiriwe wala yasitumiwe kuwa ushahidi wa aina.

Mpagazi aliufikisha mtumba kama alivyokabidhiwa. Aliyeutaja vibaya tangu Bagamoyo ndiye aliyestahili kulaumiwa ulipofunguliwa Ujiji.