Je, hali ya hewa inaweza kubadili maji kujaa na kupwa?

Wavuvi, wakulima wa mwani na wavuna pweza hupanga kazi kwa kuhesabu siku za mwezi. Lakini zipo siku ambazo maji hupanda kuliko hesabu inavyosema. Tunaeleza kwa nini.

Chanzo ni mwezi na jua

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa sababu ya mvutano wa mwezi na jua. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, viwili hivyo huvuta pamoja na tunapata bamvua. Zanzibar, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia takriban mita 4. Mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana.

Uzito wa hewa

Hewa iliyo juu yetu ina uzito na huikandamiza bahari. Mgandamizo huo hupimwa kwa hektopaskali, na wastani wake usawa wa bahari ni 1013. Ukipungua kwa hektopaskali 1, bahari huinuka kwa karibu sentimita 1. Ukiongezeka, bahari hushuka kwa kiasi hichohicho.

Katika siku za kawaida za Afrika Mashariki mgandamizo hubadilika kidogo tu, hivyo tofauti ni ya sentimita chache. Kwenye kimbunga mambo ni mengine: ukishuka hadi 963, bahari inaweza kuinuka kwa nusu mita.

Upepo una nguvu zaidi

Upepo mkali ukivuma kuelekea nchi kavu husukuma maji na kuyarundika pwani, hasa penye kina kifupi. Ukivuma kutoka nchi kavu, huyapeleka mbali.

Mfano ni kimbunga Idai kilichoipiga Beira, Msumbiji, usiku wa Machi 14 kuamkia 15, mwaka 2019. Upepo na mgandamizo mdogo wa hewa viliinua bahari na kuleta mafuriko makubwa. Hata hivyo mwezi ulikuwa nusu, yaani maji mafu. Kingefika wiki moja baadaye, kingekuta bamvua, na bahari ingeweza kupanda zaidi.

Ufanye nini?

Jedwali la maji huhesabu mwezi na jua. Halijui dhoruba ya kesho. Kwa hiyo angalia mambo mawili pamoja: mwezi na utabiri wa hali ya hewa. Ukisikia onyo la upepo mkali au mgandamizo mdogo wa hewa baharini, na siku hizo ni za bamvua, vuta chombo juu zaidi ya kawaida, ondoa nyavu na mwani ulioanikwa ufukweni, na usilale karibu na maji.

Ikiwa ni maji mafu, hatari ya mafuriko hupungua lakini haiishi. Mawimbi ya dhoruba huzamisha chombo hata maji yakiwa yamekupwa.